Skrini Nne za Don Abelardo

Chupa ilikataa kuvunjika mara ya kwanza. Don Abelardo Camarena aliigonga kwa kinyundo kilichofungwa utepe, chupa ikalia ngii, na wapiga saksafoni waliokuwa wameshavuta pumzi wakabaki na mashavu yamevimba.

"Gonga kiume, kompadre!" mtu akapaza sauti kutoka mlangoni.

Akagonga tena. Shampeni ikamwagikia magazeti yaliyotandikwa sakafuni, bendi ikalipuka, na wageni wakaanza kumwagiana vipande vya karatasi za rangi vichwani, kama wafanyavyo watu wa Huancayo, huko milimani Peru, kila kitu kipya kinapopata msimamizi wake wa ubatizo, na msimamizi na wenye kitu wakaanza kuitana kompadre na komadre. Mtoto husimamiwa, nyumba husimamiwa, lori husimamiwa. Leo ilikuwa zamu ya kompyuta.

Delfina Huaroc alisimama ukutani, mikono ameificha ndani ya shali. Chupa hakuitazama. Alitazama kasha la kompyuta lililokaa juu ya meza, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya pazia, akachungulia hata nyuma ya mgongo mpana wa dereva wa Don Abelardo, labda la pili limesahauliwa huko. Hapakuwa na la pili.

"Washa! Washa!" wageni wakaimba.

Don Abelardo akabonyeza. Ubavu wa kasha ulikuwa wa kioo, na ndani yake feni zikaanza kuzunguka, nyekundu, kisha buluu, kisha zambarau, kama gurudumu la watoto kwenye maonyesho. Kadi ya picha, nene kama tofali, ilijaza nusu ya kasha. Fundi wa dukani alikuwa amechomeka skrini zote nne za ofisi kwenye kadi hiyohiyo moja, nazo zikawaka kwa pamoja. Mlima mmoja wa theluji ukatanda kutoka skrini ya kwanza mpaka ya nne.

"Yesu wangu," bibi mmoja akajishika kifua. "Kama sinema."

"Nne!" Don Abelardo akainua vidole juu. "Niliwaambia kule dukani, msiniletee takataka za karani. Nipeni iliyo kubwa kuliko zote. Kompadre wangu Teófanes hachori kwa kijimashine!"

Watu wakapiga makofi. Teófanes Orihuela, mume wa Delfina, akamkumbatia msimamizi wake, akampigapiga mgongoni, macho yake, juu ya bega la kompadre, yakikwepa ya mkewe.

Vilma, dada yake Teófanes, akamsogelea Delfina sikioni. "Wifi, skrini nne, kibodi moja. Mimi nitakaa wapi? Mapajani kwa kaka?"

"Nyamaza. Tabasamu."

"Natabasamu. Mpaka taya zinauma."

Hapo ndipo ulipokuwa msiba wao, na waliouona ni watu watatu tu katika chumba kizima. Jumatatu asubuhi Injinia Sulca wa umoja wa wamwagiliaji angekuja kukagua ofisi yao ya kuchora ramani. Umoja ulitaka mashamba yote ya upande wa mto yachorwe upya, kazi ya kulisha nyumba miaka miwili, na sharti lilikuwa moja: wachoraji wawili, kila mmoja na kompyuta yake, kila kompyuta na skrini mbili. Skrini moja ni ya picha iliyopigwa kutoka angani, ya pili ni ya mchoro. Mchoraji aliyetangulia alikuwa na skrini moja tu. Anafungua picha, anaifunga, anafungua mchoro, na katika kufungua na kufunga huko akawa amehamisha mipaka ya watu, wakatoana damu kwa majembe.

Skrini walikuwa nazo, walizinunua kwenye ofisi ya bima iliyofilisika. Mashine za kuziendesha ndizo zilizokosekana. Ya zamani moja ilikuwa imekufa, na nyingine ikiwashwa huamka kama mzee wa baridi yabisi. Tangu mwaka uanze Teófanes alikuwa akiendesha teksi ya mtu, na Vilma alikuwa ameshaanza kuuliza nauli ya kwenda Lima kutafuta kazi za ndani, yeye mwenye cheti cha uchoraji. Kazi hii ikiponyoka, chumba cha mbele kingepangishwa kwa muuza viatu aliyekwisha kuja mara mbili kupima dirisha.

*

Wageni walipokwisha kula kuku wao na kuondoka, Delfina akashika ufagio. Alifagia karatasi za rangi, akafika mlangoni, akarudi kufagia palepale alipofagia.

"Ulisema moja," akamwambia mumewe.

"Nilisema moja kwa adabu."

"Nilikufinya."

"Uliponifinya nilikuwa nimeshasema!"

Mwezi uliopita walikwenda nyumbani kwa Don Abelardo na mkate, simbilisi wawili wa kukaanga na kreti ya bia, kumwomba asimamie ofisi yao. Jambo hilo lina njia yake. Anayeomba husema kidogo, na msimamizi mwenye kujiheshimu huongeza. Ukisema moja huleta mbili. Ukisema mbili huonekana mlafi, na habari zako hukutangulia sokoni. Basi Don Abelardo alipouliza, "Mnataka ngapi?" Teófanes akainamisha kichwa, akasema, "Hata moja inatosha, kompadre. Moyo wako ndio unaojua." Na moyo wa Don Abelardo, mwenye malori matatu ya viazi, kweli uliongeza. Ila haukuongeza idadi. Uliongeza ukubwa.

"Tuweke kibodi mbili," Teófanes akasema. "Ya pili waya wake tuufiche nyuma ya meza."

"Halafu Injinia akisema nyote wawili choreni?" Vilma akauliza.

"Nitasema unaumwa mkono."

"Unaumwa wewe kichwa, kaka."

Teófanes akakaa, akainuka. "Basi hiyo kadi. Delfi, wewe umezunguka kwenye maduka, sema. Kadi ile peke yake si inanunua mashine mbili za ofisi?"

"Inanunua, na inabakiza."

"Tuiuze kimyakimya."

"Kwenye mtaa wetu huu wa Chilca?" Delfina akasimamisha ufagio. "Kina Ñahui waliuza friji ya msimamizi wao kimyakimya. Mama yao alipofariki, jeneza lilibebwa na watu wa kukodi."

Kasha lilikuwa bado linazungusha taa zake juu ya meza, hakuna aliyekumbuka kulizima.

Kilichomchoma Delfina ni kwamba alijua walichohitaji. Wiki mbili nzima alikuwa ameyakanyaga maduka ya kompyuta ya mtaa wa Real, anauliza, anashika, anarudisha, hadi wauzaji wakawa hawainuki tena kwenye vigoda vyao. "Mama wa kuuliza tu huyo," walinong'onezana, na si kwa sauti ndogo sana. Alijua kwamba mchoro wa mipaka hauhitaji tofali lile la taa. Unahitaji mashine ya kawaida, yenye memori ya kutosha, na kadi ndogo ya matundu mawili. Ile aliyoletewa ilikuwa kama ng'ombe dume wa maonyesho kuletwa kwa mtu aliyeomba mbuzi wawili wa maziwa.

"Nitakwenda kwake," akasema.

"Kumwambia nini?" Teófanes akashtuka. "Zawadi hairudishwi, mama!"

"Sirudishi zawadi."

*

Jumapili Huancayo nzima hushuka kwenye gulio. Delfina alilizima kasha, akalifunga kwa blanketi, akaliweka kwenye mbeleko yake ya mistari, akainama, Vilma akamsaidia kulipandisha mgongoni. Lilikuwa zito kuliko watoto wake wote walivyowahi kuwa. Akapita nalo katikati ya wauza soksi na wauza mapera, jasho linamtoka kwenye baridi.

"Kanenepa huyo!" mama mmoja muuza jibini akamtania. "Unamlisha nini?"

"Umeme," Delfina akajibu, akasonga mbele.

Uani kwa Don Abelardo madereva walikuwa wanakunywa supu ya utumbo. Yeye mwenyewe alikaa kichwani mwa meza, leso shingoni. Mkewe, doña Zenobia, alikuwa anagawa mahindi ya kuchemsha.

"Komadre! Karibu, kaa, supu ipo."

Delfina hakukaa. Alisema kwa sauti, ili asipate nafasi ya kuyarudisha maneno, "Kompadre, mtoto wako anaumwa."

Vijiko vikatulia.

"Mtoto gani?"

Akaligeuza bega, wakaona pembe ya kioo ikichungulia kwenye blanketi. Dereva mmoja akapaliwa na supu.

"Jana alikuwa mzima," Don Abelardo akasema polepole. "Aliwaka mbele ya watu wote."

"Aliwaka, kompadre. Nguvu zimemzidi. Kazi ya Jumatatu inataka viti viwili, kila kiti na mashine yake. Yeye ni mmoja. Hawezi kukaa kwenye viti viwili, hata awe mkubwa namna gani."

"Teófanes alisema moja!"

"Alisema moja."

Kila mtu pale uani alikuwa amewahi kuomba kitu na kusema kidogo kuliko shida yake. Uso wa Don Abelardo ukaiva. Aligundua kwamba hakuongeza. Mbele ya madereva wake aligundua, na hilo ndilo lililomuuma.

"Zawadi ikishavunjiwa chupa hairudi dukani," akasema. "Nani amewahi kusikia?"

"Zawadi hairudi," doña Zenobia akadakia, bila kuacha kugawa mahindi. "Lakini mtoto akiugua, msimamizi humpeleka kwa daktari. Yule wa kina Lazo nani alimpeleka Lima, si wewe? Au huyu kwa kuwa hana pua?"

Madereva wakacheka, kisha wakatazama bosi wao, wakaacha.

Don Abelardo akavua leso, akaitupa mezani. "Mtueni huyo mama mzigo wake. Washeni gari."

*

Muuzaji wa duka la kompyuta, kijana aliyeitwa Ccanto, alimtambua Delfina kabla ya kumtambua Don Abelardo. "Mama wa kuuliza tu," alianza, kisha akaona kofia iliyokuwa nyuma yake, akasimama wima. "Don Abelardo! Mashine vipi?"

"Anaumwa," Don Abelardo akasema, hakutaka kueleza zaidi. "Komadre, mweleze wewe."

Delfina akaeleza. Ccanto akajikuna shingo. "Boksi limefunguliwa, mama. Itabidi nikate robo."

"Robo!" Hapo Don Abelardo akarudi kuwa Don Abelardo. "Kijana, mimi nauza viazi. Gunia likifunguliwa, viazi haviozi siku hiyohiyo. Kata sehemu ya kumi, na chai juu yako."

Walivutana mpaka wenye maduka ya jirani wakasogea kusikiliza. Mmoja akauliza mashine ilikuwa ya nini hasa.

"Hii?" Ccanto akacheka, bila ubaya. "Hii ni ya michezo. Vijana wanapigana risasi usiku kucha. Don Abelardo alisema nimpe kubwa, nikampa kubwa."

"Don Abelardo anapiga risasi!" sauti ikatoka nyuma, na kicheko kikapita kwenye korido kama maji ya mferejini.

Don Abelardo hakugeuka. Masikio yake tu yalibadilika rangi. Delfina aliyaona. Aibu ile yeye ndiye aliyeileta, mgongoni mwake, kwa miguu yake mwenyewe.

Wakakubaliana. Ccanto akaleta makasha mawili membamba ya kijivu, ya ofisini. "Haya hata kadi hayahitaji, mama. Picha inatoka kwenye prosesa yenyewe. Tundu hili hapa, na hili hapa. Mawili."

"Moja kati ya hayo ni la zamani," Delfina akasema. "Picha ya angani ikipita hapo inatoka na ukungu. Mimi nitatenganishaje mfereji na njia ya mbuzi? Nipe kadi."

"Kadi ipo." Akatoa moja ndefu.

"Hiyo haiingii kwenye kasha jembamba. Ile fupi, ya nusu kimo. Matundu mawili yanayolingana na ya skrini zangu. Isiyodai waya wake wa umeme."

Ccanto akamtazama, akaingia ndani, akarudi na vijiboksi viwili. Delfina akavuta kigoda. "Sasa funga, uwashe zote mbili hapa, kila moja na skrini mbili. Siondoki mpaka nizione."

"Mama, leo Jumapili."

"Hata kwangu ni Jumapili."

Zilipowaka, picha mbili na picha mbili, Don Abelardo aliinama akazikagua moja moja. Zilikuwa mashine za kijivu, hazitoi sauti, hazina hata kitaa kimoja cha kujivunia.

"Zinafanana na masanduku ya viatu," akasema.

"Ndizo zinazotakiwa, kompadre."

Ccanto akamhesabia Don Abelardo baki yake. Akaipokea bila kuitazama, akaisukumia mfukoni. Ndani ya gari Delfina, makasha mawili mapajani, alitazama dirishani gulio likifungasha.

*

Injinia Sulca alikuwa mwanamke mfupi mwenye matope kwenye buti. Alikataa chai, akakataa kiti. Teófanes alikaa upande huu, Vilma upande ule, skrini mbili mbele ya kila mmoja, nywele zao zimelowekwa maji na kuchanwa kama za watoto wa shule. Delfina alisimama, akakaa, akasimama.

Hawakuwa wamemwita Don Abelardo. Alikuja mwenyewe, kofia mpya, akasalimia, akachukua kiti cha karibu na mlango. "Msimamizi lazima awepo," alisema, na hakuna aliyethubutu kusema vingine. Delfina akapumua. Alidhani wamesameheana.

"Jaribio ni dogo," Injinia akasema. "Chukueni shamba moja, lolote. Mmoja achore upande wa barabara, mwingine upande wa mfereji. Nione kama mistari yenu itakutana."

"Chukueni langu!" Don Abelardo akasema. "La Pilcomayo. Kubwa, linaonekana vizuri."

Injinia akaridhia. Teófanes akaanza na barabara, kipanya kikiteleza. Vilma akafungua picha ya angani kushoto, na ramani ya hati kulia. Akavuta picha karibu. Mfereji ukaonekana, mstari mweusi mwembamba. Kisha akaacha kuvuta.

Kwenye hati, shamba la Don Abelardo liliishia kwenye mfereji. Kwenye picha, ua wake wa mikaratusi michanga ulivuka mfereji, ukapanda upande wa pili, ukakumbatia kipande cha vitunguu cha mtu mwingine. Skrini mbili zilikaa bega kwa bega, na hakukuwa na haja ya kufungua wala kufunga kitu. Hata mtoto angeona.

Vilma akamtazama wifi yake.

"Labda picha imepinda," Teófanes akasema.

"Mchoraji aliyetangulia naye alisema hivyo," Injinia akajibu. "Kila mara kwenye mashamba ya wakubwa, picha ilipinda."

Don Abelardo alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, anatazama miti yake kutoka juu, kama ndege anavyoitazama. Vilma akifuata ua, kompadre atakunywa chai yake akitabasamu, na Injinia ataondoka na kazi. Akifuata mfereji, mtu aliyebeba aibu yao dukani jana atavuliwa nguo leo, kwa mashine alizowapa mwenyewe. Alitafuta njia ya tatu, adabu, neno la kuzunguka. Halikuwapo.

"Vilma," akasema. "Hati inasema mpaka ni upi?"

"Mfereji."

"Basi chora mfereji. Na ua uandike kwamba ni ua."

Kipanya kikalia mara chache. Mstari wa Vilma ukashuka na mfereji, wa Teófanes ukaja kutoka barabarani, ukisitasita, ikakutana kwenye kona bila kupishana hata unywele. Upande wa pili ukabaki ule ua, vitone vidogo vya kijani, nje.

Don Abelardo akainuka, akaweka kofia kichwani.

"Kompadre," Delfina akasema, "chai inachemka."

"Nimeiona," akajibu. Hakusema nini alichokiona. Akampa Injinia mkono, akampa Teófanes, akampa Vilma. Alipomfikia Delfina, mkono ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kutafuta funguo. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

Injinia Sulca akaweka sahihi akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. "Mnaanza kesho. Anzeni na mfereji huohuo, wote, mpaka mwisho. Na msichelewe, habari zikifika watu wataanza kuhamisha miti."

"Wakiihamisha tutaichora ilipohamia," Vilma akasema.

Teófanes alikuwa amejifunika uso kwa viganja, haijulikani analia au anacheka. Delfina hakumwendea. Nje lori la Don Abelardo lilikuwa limewaka, linanguruma palepale bila kuondoka. Kulia ni mjini, nyumbani kwake, kwa madereva wake na supu yake. Kushoto ni daraja, na ng'ambo ya daraja ni Pilcomayo, shamba lake na ule ua uliovuka mfereji. Delfina akasimama katikati ya chumba, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Gia ikaingia kwa kishindo. Lori likapinda kushoto.